Mashine ya Majani Niliyoletewa na Shija

Kabla hujaniuliza, nakujibu: sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, na haikuwa usiku. Ilikuwa saa saba mchana, Jumamosi, hapa hapa Ngokolo, mbele ya nyumba niliyokaa na mke wangu, Mama Kulwa, na mapacha wetu wawili. Wanaosimulia mambo ya namna hii hupenda kuweka giza na bundi. Mimi sina bundi. Nina mashine ya kukatia majani, na nina rafiki aliyenifanyia jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka chakula kinanishinda.

Rafiki huyo aliitwa Shija. Tulilala kitanda kimoja shuleni, tukaajiriwa pamoja katika kiwanda cha kuchambua pamba, na siku nilipooa ndiye aliyekuwa msimamizi wangu kanisani. Mtu angeniambia Shija ni mwongo, tungeshikana mashati.

Sasa, mtu wa Shinyanga anataka nini na mashine ya kukatia majani? Kwetu uwanja wa nyumba hufagiliwa hadi uwe mweupe, majani ni ya ng'ombe. Lakini mwanzoni mwa miaka ya themanini nilipandishwa cheo kuwa karani mkuu, nikapewa nyumba ambayo zamani alikaa mzungu, na mbele yake kulikuwa na ukoka mzuri ajabu. Mama Kulwa alitaka tuung'oe. Mimi kwa majivuno yangu nikakataa, nilitaka watu wapite wauone. Mvua zikaja, ukoka ukafika magotini, na siku moja Doto akatoka humo mbio, nyoka nyuma yake. Mke wangu akanipa wiki mbili: ama majani yawe mafupi, ama angelima pale mwenyewe apande viazi vitamu. Fyekeo nililijaribu. Mgongo ulikataa siku ile ile ya kwanza.

Nikatangaza kazini kwamba natafuta mashine. Zikapatikana mbili. Ya kwanza ilikuwa ya petroli, ya fundi mmoja wa karibu na soko. Ilinguruma vizuri, lakini miaka ile petroli ilikuwa ya foleni na kibali, na wenye magari wenyewe walikuwa wanatembea kwa miguu. Ningemwambia nini mtoa vibali, kwamba naitaka kwa ajili ya majani? Ya pili aliileta Shija mwenyewe, ameifunga kwa mpira nyuma ya baiskeli. Hii ilikuwa ya kusukuma kwa mikono: magurudumu mawili ya chuma, visu vitano vilivyojipinda vikizunguka katikati, na mpini wa mbao uliong'aa kwa kushikwa.

Nikajifanya mjuzi. Nikavizungusha visu nikavisikiliza, nikavikatisha kipande cha gazeti, nikachungulia kama rola ya nyuma imepinda. Haikupinda. Nikauliza imetoka wapi, Shija akasema ni ya mzungu mmoja wa mgodini aliyerudi kwao. Nikaridhika. Niamini, nilikagua chuma chote hadi skrubu. Mikono iliyoung'arisha ule mpini sikuiuliza habari zake.

Kuna jambo moja lilipaswa kunishtua. Nilipoushika mpini ili niipeleke stoo, Shija alibaki amesimama, akatazama nyuma yangu, akasema kwa sauti, "Umeona? Huyu ndiye ameichukua."

Nikadhani anamwambia Mama Kulwa. Lakini Mama Kulwa alikuwa jikoni, na nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa mezani nasubiri chakula nikasikia visu vinazunguka nje. Krr, krr, taratibu, kazi ya mtu aliyeizoea. Nikatoka. Mzee mwembamba, kaptula ya kaki, kofia ya ukindu iliyoshonwa upande mmoja kwa uzi mwekundu, alikuwa anaukata ukoka wangu kwa mistari iliyonyooka kama ya daftari. Usiniulize habari za kivuli, jua lilikuwa utosini na hata mimi changu sikukiona. Nilichokiona ni kingine. Majani yaliruka mbele ya visu, lakini pale alipokanyaga hayakulala. Yalisimama kana kwamba hajapita mtu. Nikaitazama stoo. Kufuli limefungwa, na ufunguo niko nao mfukoni.

Mzee akainua kichwa akaniambia, "Shikamoo."

Mtu wa umri wa baba yangu ananiamkia mimi! Hapo ndipo ningekimbia. Badala yake ukarani mkuu ukanipanda kichwani, maana kazini wafagizi walishanizoeza vibaya, walikuwa wananiamkia bila kujali umri. Nikaitika marahaba, tena kwa sauti nzito.

"Watoto wangu wamekula?" akauliza.

Nikamwambia mzee wangu, mimi watoto wako siwajui.

"Shija ameniambia wako kwako. Amesema uliwachukua pamoja na mashine."

Hakusema kwa ukali. Alisema kwa upole wa mtu anayeulizia mzigo wake stesheni. Nikasikia mlango nyuma yangu, Mama Kulwa anatoka na kikombe cha togwa, maana alikuwa amemwona mzee dirishani akamhurumia kwa joto lile. Nikageuka kumtazama. Niliporudisha macho, mashine ilikuwa imesimama peke yake katikati ya ukoka. Mke wangu akaniuliza yule mzee amekwenda wapi. Kwa hiyo tulimwona watu wawili, na mtu asiniambie ilikuwa ni jua kali.

Jumamosi ya pili alikuja tena na swali lake lile lile. Ya tatu hakukata majani. Alikaa barazani, akawa anawatazama Kulwa na Doto wakila ugali, anafuata kila tonge kwa macho kutoka sahanini hadi mdomoni. Doto akaja ndani kuniuliza kwa nini babu analia. Hapo nikachukua baiskeli, nikaenda kwa Shija.

Shija hakuwepo. Alikuwa ameacha kazi akaenda Geita kwa wachimba dhahabu, na mimi rafiki yake hakuniaga. Mkewe alizungumza nami ameinamisha uso. Akaniambia niende njia ya Tinde, nyumbani kwa marehemu shemeji yake.

Marehemu? Kaka mkubwa wa Shija, wa mama mwingine, aliyempita kwa miaka mingi, alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma, wakazika, wakamaliza msiba, na mimi sikuambiwa. Unaelewa maana yake? Mtu aliyelala nawe kitanda kimoja anafiwa, na anakuja kazini asubuhi anakutania kama kawaida. Kaka yake mwenyewe nilikuwa namsikia tu, sijawahi kumtia machoni. Nilipita nyumbani nikaifunga ile mashine nyuma ya baiskeli, nikaenda hadi Tinde, na njia nzima nilikuwa najitafutia sababu ya kumtetea Shija.

Mjane alinisalimu kwa heshima, kwa Kisukuma, "Mwadila, baba," akanipa kigoda. Ukutani, kwenye msumari, ilining'inia kofia ya ukindu yenye uzi mwekundu. Watoto watano walikuwa wamekaa chini kivulini, wamenyamaza. Watoto wenye shibe hawanyamazi hivyo. Alipoiona mashine alijifunika uso kwa kanga. Akanisimulia kwamba mumewe alitunza bustani ya mzungu maisha yake yote, na mzungu alipoondoka akamwachia hiyo. Siku ya kumaliza msiba wazee wa ukoo walimkabidhi Shija mashine hiyo mbele ya watu wote, kama wengine wanavyokabidhiwa jembe au mkuki. Katika ukoo wao anayepokea chombo cha kazi cha marehemu amepokea na nyumba yake, mke na watoto wasikose chakula. Shija alipokea, akala nyama ya siku hiyo, akaondoka na mashine. Hajarudi tena.

Nikamwambia mjane, basi mimi nimekurudishia. Mzee mmoja wa ukoo aliyekuwa pale akaniuliza kama marehemu aliniamkia. Nikasema ndiyo.

"Ukaitika?"

Nikasema ndiyo.

"Basi umeshakuwa baba wa nyumba hii. Yeye hukifuata chombo chake, naye humwamkia yeyote aliye nacho. Shija alikuwa anaamkiwa kila Jumamosi, hajaitika hata siku moja."

Nilirudi na mashine yangu. Nifanyeje? Kila mwisho wa mwezi nikawa napeleka debe la mtama, na wawili kati ya wale watoto wakaja kukaa kwetu wakasoma pamoja na mapacha. Mama Kulwa alinuna wiki moja, halafu akawashonea sare. Tangu debe la kwanza mzee hakuuliza tena. Alikuja mara moja tu, akakata ukoka wote, akafuta visu kwa konzi ya majani, akaiegemeza mashine kwenye mlango wa stoo akaondoka.

Shija nilimkuta miaka mitatu baadaye, Nkome kando ya ziwa, nimekwenda kutafuta dagaa. Amenenepa, ana mtumbwi wake. Matusi nilikuwa nimeyapanga miaka yote mitatu, lakini yeye akawahi.

"Ningempa nani mwingine, Baba Kulwa? Nilitafuta mtu ambaye hawezi kuwaacha watoto wa mwenzake walale njaa. Mji mzima nilikuona wewe tu."

Alitabasamu, kama vile ananisifu. Nikashindwa kumpiga, nikashindwa kumtukana, nikalia mbele ya wachuuzi wa samaki. Kumbe siku ile nachagua mashine, yeye alikuwa ameshamaliza kunichagua mimi. Alikuwa amenizungusha, akanisikiliza, akaona sijapinda.

Wale watoto leo ni watu wazima na wananiita baba. Nawapenda, sijuti hata tonge moja walilokula. Ukoka tuliung'oa, pale ni viazi vitamu. Mashine iko stoo na haishikwi na mtu. Lakini akitokea mtu akaniambia ananiamini, nashika njia nyingine, na tangu Nkome sijawahi kuwa na rafiki.

Wewe unayenunua vitu vilivyotumika na wengine, kagua chuma upendavyo, lakini kwanza uliza nani alikuwa anakishika, na yuko wapi. Na kama kakuletea rafiki yako, tena hadi mlangoni, usikishike upesi. Mtazame machoni uone anazungumza na nani.