Ulimi wa Mbwa Wetu

Weka mkono kifuani useme hutamwambia mtu, hasa watoto wa Mama Osmunda. Haya, sikiliza.

Nilipokuwa mtoto kule Mbuji, bibi yangu mzaa baba alijikata mguu kwa jembe akichimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani. Zahanati hakwenda. Alimwita mbwa wetu, Simba, amlambe kidonda, maana kwa bibi ulimi wa mbwa ni dawa. Mimi ndiye niliyemshika Simba masikio. Simba jina tu, kuku wenyewe alikuwa anawakimbia. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Bibi hakucheka.

"Usimtajie mtu," akaniambia. "Dawa ikitajwa inageuka, inamuua mgonjwa."

Siku ya tatu bibi anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, haongei, vidole vimekuwa vyeusi kama vimechovywa wino. Hospitali wakapima malaria, hakuna. Pale nje ndugu wakaanza kunong'ona kwamba karogwa, na aliyemroga ni Mama Osmunda, jirani yetu, aliyegombana na bibi nguruwe wake walipoingia kwenye mahindi yetu. Sikufichi, moyo wangu ulitulia kidogo. Afadhali awe yeye kuliko mimi niliyemshika mbwa.

Daktari akatoka, akamuuliza baba kama mgonjwa ameng'atwa na mnyama yeyote. Baba akasema hapana. Daktari akageuka aondoke.

Jamani, niliogopa. Nikisema, nimemuua bibi. Nikinyamaza, daktari ndiyo anakwenda zake. Mkojo ulinitoka pale pale, nikamshika koti.

"Kidonda chake kililambwa na mbwa."

Aliniuliza lini tu, akakimbilia ndani kubadilisha dawa. Baadaye wakamkuta kwenye damu mdudu anayekaa mdomoni mwa mbwa, wa nadra, wenyewe hawajawahi kumwona. Mwenye nguvu humshinda, ila mzee anaangushwa naye kwa siku moja. Bibi alikatwa vidole viwili vya mguu, akapona, akaishi mpaka uzee ukamchukua.

Miaka yote nilijua siku ile niliokoa mtu mmoja. Kumbe saa ileile Mama Osmunda alikuwa kwake anaanika kahawa, hajui kwamba wanaume wa kwetu wameshakubaliana kwenda kumchomea nyumba, naye akiwa ndani.

Aliyeniambia ni baba, juzi, macho ameyaweka chini. Kiberiti, siku ile, kilikuwa mfukoni mwake.