Marehemu Agawa Ladu

Gereza lilimpa jirani yangu ruhusa ya muda aje amwoze binti yake, kisha arudi kumalizia kifungo chake cha kosa la kasumba, ile dawa ya kulevya. Hata nyumbani alikula amechutama, mkono umeizunguka sahani. Wakwe walikuwa wameambiwa baba mtu alishakufa, na mkewe kavaa nguo nyeupe za ujane. Marehemu mwenyewe ndiye aliyewagawia wageni ladu, vile vitamu vya mviringo vya harusi.

"Wewe nani kwao?" aliuliza baba wa bwana harusi.

"Mjomba tu, ndugu yangu. Chukua mbili."

Kwetu Punjab, wanaume wa upande wa bibi harusi hulisukuma gari lake linapoondoka. Wenzake walipoacha, yeye aliendelea, injini inanguruma, viganja vimeng'ang'ania bati. Binti akachungulia dirishani, macho mekundu.

"Basi, mjomba. Liachie gari, tunachelewa."