Magari ya Kyungu

Waliokuwepo uani alasiri hiyo ni hawa: Nahum Kabange, fundi wa magari ya waya, Hulda, mkewe, Wenceslas, mstaafu wa reli aliyecheza na fundi huyo utotoni, na Mama Tshiala, mke wa askari wa kambi ya Kamina, aliyekuja na mfuko wa plastiki akiushika kwa vidole viwili, mbali na mwili.

Kabange hainui kichwa. Amekaa kwenye kiti chake cha mbao, koleo mkononi, anakunja waya uwe mlango wa lori. Magurudumu huyakata kwenye soli za kandambili zilizochakaa. Taa za mbele ni vifuniko vya chupa. Kando yake, juu ya mkeka, limelazwa lori la pili lililokunjwa vilevile, pembe kwa pembe.

“Kila mara mbili mbili,” anasema. “Moja ya kuuzisha. Ingine ya yaya Kyungu.”

Yaya ni kaka mkubwa: Kyungu ni pacha wake, aliyemtangulia kuzaliwa. Kwa Waluba, Kyungu na Kabange ni majina ya mapacha, na mama yao aliishika kwa nguvu desturi ya kutompa mmoja kitu bila mwenzake kupata: shati kwa shati, ndizi kwa ndizi. Baba yao, karani wa kanisa la Wamethodisti, aliicheka desturi hiyo, lakini naye alinunua viatu jozi mbili.

Gari la kwanza mapacha walilitengeneza wenyewe, na la pili siku hiyohiyo. Usukani ulikuwa kijiti kirefu kilichomfikia mtoto kifuani, ili aendeshe akiwa amesimama wima, akikimbia. Wengine walicheza gololi au kusukuma ringi za baiskeli. Mapacha walikuwa na barabara yao, kutoka kanisani hadi relini.

“Kabange alikuwa anapiga honi kwa mudomo,” Wenceslas anakumbuka, “mpaka mate inatujaa kwa uso!”

“Na weye? Ulikuwa unatufungia njia na fimbo, ati treni inapita. Treni gani?”

“Njo maana reli ikanipa kazi, Mapasa,” anamjibu Wenceslas, akimwita pacha kwa jina la utotoni. “Nilianza mapema.”

Wanacheka wote, isipokuwa Hulda, anayeutazama mfuko wa mgeni.

Kicheko cha Kabange hukatika kila simulizi inapofika msimu ule wa kiangazi. Treni ya makaa ya mawe kutoka Luena ilikuwa imesimama stesheni. Yeye alikuwa amechomwa na mwiba mguuni, hivyo akabaki amekaa chini. Kyungu alimwambia ataendesha hadi mwisho wa mabehewa, kisha atarudi.

“Niliona kijiti ya usukani yake, iko inapita nyuma ya behewa ya mwisho,” anasema. “Treni ikaondoka. Kijiti hapana kuiona tena, na yeye hapana.”

Mapacha walikuwa na miaka tisa. Watu walimtafuta kandokando ya reli pande zote mbili, hata hadi Luena. Mama yao alikataza neno “kufa” lisitamkwe nyumbani, na kila alichompa Kabange aliweka kingine kando. Alipofariki, mwanawe akaiendeleza desturi hiyo kwa ufundi aliokuwa nao.

Ndiyo maana nusu ya kazi yake haiuzwi. Lori kubwa humpa faranga elfu kumi, na lori pacha la hilo hupanda rafuni, katika chumba cha nyuma. Chumba hicho hakina dirisha. Magari yamepangwa humo hadi karibu na dari, pua zote zikielekea ukutani, upande wa reli. Kabange anasema huyapanga yakielekea mlangoni.

Hayajagusa ardhi hata mara moja. Hata hivyo, soli zake zimelika, zaidi upande wa kushoto, kama za gari linalokata kona ileile kila siku. Tena yana vumbi. Vumbi la Kamina ni jekundu. Hili ni jeusi.

“Moshi ya jiko,” anasema Wenceslas.

“Jiko yangu iko ngambo ile,” Hulda anamjibu, akionyesha upande wa pili wa ua.

Mama Tshiala anauweka mfuko chini na kutoa gari dogo. Aliuziwa na Hulda wakati Kabange yuko Bukama kutafuta wateja. Lilitoka rafuni.

“Papa Kabange, nakurudishia. Hii haiko ya mutoto. Tunaiweka juu ya meza. Asubuhi tunaikuta kwa mulango. Bwana yangu akafunga mulango na ufunguo. Tukasikia: to, to, to. Inagonga mulango, pole pole, kama muntu wa heshima anaomba kutoka.”

“Panya,” anasema Hulda.

“Panya gani inashika usukani, mama?”

Hakuna anayecheka. Wanawake wa kambini walikuwa wameagiza rafu nzima kwa ajili ya Noeli, na Mama Tshiala amekuja kusema kwamba agizo litavunjika. Hulda alikuwa ameshayaona akilini mabati mapya ya paa kwa fedha hizo.

“Mvua iko karibu,” anamwambia mumewe. “Minyi bibi yako nalala na ndoo kando ya kichwa, na bitu ya mufu iko inalala pakavu!”

“Usiseme ile neno.”

Kabange analichukua gari lililorudishwa. Anazungusha gurudumu kwa kidole. Limebaki jembamba kama ganda la kitunguu. Anamgeukia rafiki yake.

“Weye Wenceslas, ulisukuma motoka mara ya mwisho lini?”

“He! Mbele ya kuota ndevu.”

“Na minyi?”

“Pamoja na minyi.”

Koleo linaanguka mkekani.

“Mama alisema: kitu moja kwa wote wawili. Minyi niko na bibi. Niko na kiti, na sahani, na mulango ya kufungua. Na yeye? Miaka yote namupa motoka. Muntu wa umri yangu!”

Nyuma ya nyumba, katika chumba kisicho na dirisha, kitu kinagonga ukuta mara moja, pole pole.

Kabange anasimama, anakiacha kiti chake wazi, na kuwatangazia.

“Kesho natoboa ule ukuta. Naweka mulango ya kuangalia reli. Chumba ni ya Kyungu: kitanda, kiti, sahani, sawasawa na yangu. Mama Tshiala, mulango ikishafunguka, kuja uchukue rafu yote. Yeye hataitaka tena. Hulda, mabati utapata.” Anamtazama mkewe machoni. “Lakini ile mulango, mama, hapana kuifunga na ufunguo.”