Mkeka wa Mama Ndani ya Meli ya Jeshi

Watu wa Nyangwe hatukuwahi kuomba jeshi la maji. Tulichoomba kwa miaka ni barabara, na kwa kuwa Leta, ndivyo tunavyoiita serikali, ina masikio mazito, ikatuletea kamanda. Alifika kwa pikipiki kutoka Kasongo, amevaa sare nyeupe katika mwezi wa matope, akifuatwa na askari wachache na sanduku moja la chuma. Alikuwa na filimbi, kofia yenye nanga ya dhahabu, na darubini. Meli hakuwa nayo.

Sisi tulikuwa na chombo. Mama yangu, mjane, alimiliki balenyeri, yaani boti refu la mbao lenye injini na turubai, kama yale yanayobeba mizigo kwenye mto Lualaba tangu barabara zilipokufa. Baba alianza kuliunda, kifo kikamkuta ubavu mmoja haujapigiliwa, na Mama akalimalizia kwa jasho la misimu kadhaa ya mchele na mawese. Lilishuka Kindu na mazao ya wanawake wa bonde letu, likarudi na chumvi, sabuni na vitenge. Mimi, mtoto wake wa kwanza, nilikuwa msimamizi wa mizigo. Kazi yangu ilikuwa kugombana na watu kuhusu magunia, na Mungu alinijalia kipaji hicho. Mchele usiofika Kindu kwetu ni chakula cha panya, kwa hiyo boti hilo halikuwa la Mama peke yake, hata kama kila msumari ulikuwa wake.

Kamanda alilitazama siku moja kutoka gatini kwa darubini yake, ingawa lilikuwa mbele ya pua yake. Kisha akaja nyumbani.

"Mama, Leta iko na lazima ya bato yako," alisema. "Tutaigeuza meli ya kupelekea meli za vita vyakula na mafuta."

Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo ya mboga. "Hizo meli za vita ziko wapi?"

"Ziko njiani."

"Zitapita wapi, na maporomoko yale yote ya huku chini?"

"Ile ni siri ya jeshi, Mama."

Mwenye nguvu mpishe. Mama akaendelea na sombe yake, na kesho yake asubuhi askari wakaanza kupaka boti rangi ya kijivu. Rangi ikaishia katikati. Upande wa kulia ukawa meli ya jeshi, upande wa kushoto ukabaki kijani na njano kama Mama alivyoupenda. Kamanda alitueleza kwa utulivu kwamba hiyo ndiyo mbinu yenyewe: adui wa ng'ambo moja ataona meli, wa ng'ambo ya pili ataona majani. Niliuliza adui ni nani. Akaniambia nisiwe na haraka.

Akaletwa mchomeleaji kutoka Kasongo kutengeneza kigingi cha mzinga. Kigingi kikapatikana, mzinga haukupatikana, basi wakachomeka kipande cha bomba la maji na kukifunika kwa turubai ili anayekiona aogope asichokiona. Jiko letu la nyuma likang'olewa. Mahali pake, na mahali pa magunia mengi sana, wakajenga kwa mbao chumba chenye mlango, kufuli na dirisha dogo. Kilikuwa chumba cha kamanda, na tuliambiwa kwamba meli isiyo nacho haiwezi kuitwa meli.

Mabaharia wetu wakafundishwa kupiga saluti. Kuna mzee anayesimama mbele na mti mrefu, akipima kina cha maji na kumtangazia nahodha, kwa kuwa Lualaba huhamisha mchanga wake kila mwaka bila kuaga. Sasa ikabidi kwanza asimame wima, apige saluti, aseme "Komanda, naomba kusema," asubiri jibu, ndipo aseme kwamba maji yamekwisha. Katika safari ya kwanza ya majaribio tulipanda fungu la mchanga yeye akiwa bado na mkono kwenye paji la uso. Tulikaa hapo mpaka wavuvi walipokuja kutusukuma, na kamanda akawashukuru kwa niaba ya taifa.

Mimi nilipandishwa cheo. Nikaitwa mkuu wa ugavi. Mshahara wa cheo hicho, nao, ulikuwa njiani pamoja na zile meli.

Kazi ikaanza. Kwa kuwa manowari hazijafika, kamanda aliwaandikisha wavuvi wawili na mitumbwi yao kuwa kikosi cha mbele. Asubuhi tulinunua samaki kwa wavuvi hao. Mchana tuliwasha injini, tukateremka mtoni kwa bendera na filimbi, tukawakabidhi samaki walewale kama chakula cha kikosi. Jioni walituuzia tena. Nimefanya biashara maisha yangu yote na sijaona soko lililotulia vile.

Ningecheka zaidi kama si ghala la Mama. Mavuno yalikuwa yameingia na magunia yalipangwa mpaka darini, ya kwetu na ya wanawake wengine, na mvua haikutaka kukoma. Ukifungua mlango ulipigwa na harufu ya unyevu. Kila asubuhi wanawake walikuja, wakamsalimu Mama, wakakaa barazani kwetu bila kudai kitu. Hilo lilimuumiza kuliko kama wangemtukana. Mjane mwenzake mmoja alikuwa ameweka mpunga wote wa mwaka mle ndani, na watoto wake walikwisha kurudishwa kutoka shuleni kwa kukosa karo. Mama aliacha kula mchana. Niliona boti likimtoka mikononi, nikashikwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi, kwa sababu mtu hawezi kupigana na filimbi.

Basi kamanda akampenda mdogo wangu wa kike. Sitamsingizia, alimpenda kweli, na mdogo wangu naye alimpenda. Kamanda alikuwa na kucha safi na mdomo mtamu, na alimchekesha, jambo ambalo vijana wa gatini hawakuwahi kulifikiria. Alituma wazee wake wa kuazima kwa mjomba wetu. Kisha akaja kwangu, akakaa juu ya gunia, akanipa hesabu yake yote kana kwamba mimi ni askari wake.

"Shemeji, sasa kesi ya bato imekwisha," alisema. "Mutu hawezi kushitaki mukwe wake. Tutakuwa jamaa moja."

Nilimpelekea Mama maneno hayo kama yalivyo. Alikuwa anachekecha unga. Alichekecha mpaka ukaisha, akakung'uta chekecheke, akasema, "Aoe. Lakini aoe kwa desturi yote, asiache hata kidogo."

Hapo inabidi nieleze haya ya ukwe, yaani ile aibu ya heshima kati ya mkwe na mama mkwe, kwa kuwa wengine mna bahati ya kuishi bila hiyo. Kwetu mume hamwangalii mama mkwe wake usoni. Hali chakula mbele yake, hamwoni akila. Akimwona anakuja kwenye njia nyembamba, anaingia kichakani yeye na suti yake. Hakai naye chini ya paa moja dogo, na mahali ambapo mama mkwe amewahi kulala hapaingii maisha yake. Katekista alisema hajaiona sheria hiyo katika kitabu chake. Imamu alisema naye katika chake haimo. Nimewaona wote wawili, kwa nyakati tofauti, wakiruka mtaro kukimbia mama wakwe zao.

Siku ya kutoa mahari mjomba aliyasema yote hayo mbele ya watu, moja baada ya jingine. Kamanda, mtoto wa kambi za mjini, aliitikia kila neno akitabasamu. Kisha akasimama akaapa kwa heshima ya sare yake, bila kuombwa na mtu. Nadhani alidhani ni mashairi ya harusi. Mdogo wangu alipendeza siku ile kuliko bibi harusi yeyote niliyewahi kumwona, na Mama alicheza ngoma, yeye ambaye hakuwa amecheza tangu Baba afe.

Harusi ilipopoa, Mama aliamka asubuhi, akachukua mkeka wake, sufuria, na kikapu cha mihogo, akateremka gatini kweupe watu wote wakimwona. Askari wa zamu alimpisha, kwani nani atamzuia mama mkwe wa kamanda? Akapanda botini. Akawasha moto pale palipokuwa jiko, akapika, akala. Halafu akaingia kwenye chumba cha kamanda, akatandika mkeka, akajilaza. Alilala usingizi wa kweli. Gati zima lilisikia akikoroma.

Kamanda alikuja na sare yake nyeupe kwa ukaguzi. Aliweka mguu mmoja kwenye ubao wa kupandia. Yule mzee wa kupima kina alisimama wima, akapiga saluti, akaomba kusema, akasubiri aruhusiwe.

"Komanda, mama mukwe iko ndani ya chumba yako. Amelala."

Niliuona ule mguu ukirudi. Aligeuza mgongo, akajifunika uso kwa kofia yenye nanga, akasimama nyuma ya mapipa ya mawese mpaka nilipomwonea huruma. Wanawake waliokuwa barazani kwetu majuma yote yale walikuwa wamefuata, na hakuna aliyecheka kwa sauti. Siku mbili tatu kamanda alijaribu kuongoza meli akiwa kwenye mtumbwi, nyuma kwa umbali wa heshima, akipuliza filimbi ambayo injini iliifunika. Mama hakumkataza kitu. Alipika tu, akala, akalala. Mwisho kamanda aliwatangazia askari wake kwamba meli imetumwa kazi maalumu ya muda mrefu, akarudi Kasongo kuishi na mke wake. Tukapakia mchele siku hiyohiyo. Mwingine ulikuwa umeoza, lakini mwingi ulifika Kindu, na yule mjane akawarudisha watoto wake shule.

Na tazama maajabu: rangi ya kijivu ikatufaa. Wale watu wa vizuizi vya kamba wanaosimamisha maboti kila kona ya mto wakidai hiki na kile, walipoona bendera na lile bomba chini ya turubai, walitupigia saluti. Mama hakung'oa bendera wala bomba. Kila safari husafiri upande wa kulia ukiwatazama wao.

Ningependa kuishia hapo, kwa kuwa hapo ndipo watu wa Nyangwe huishia wanapoisimulia, wakishika mbavu. Lakini mdogo wangu alibeba mimba, akajifungua kwa shida huko Kasongo. Walikuwa wakiishi kambini, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Na haya ya ukwe ina pande mbili: mama mkwe naye haingii anapolala mkwe wake.

Desturi yenyewe ina dawa. Mkwe analeta mbuzi, yeye na mama mkwe wananawa kwenye beseni moja mbele ya wajomba, na haya imekwisha. Wengi hufanya hivyo anapozaliwa mtoto wa kwanza. Kamanda alikwisha kumfunga mbuzi kwa mjomba. Lakini haya haina vyumba. Ikiisha Kasongo imeisha na botini, na kamanda, aliyekuwa bado na filimbi, angeweza kupanda tena, na magunia ya mavuno mapya yalikuwa gatini.

Mama alikwenda kwa pikipiki. Tulikaa nje ya uzio wa kambi, yeye na mimi, juu ya jiwe. Mtoto alikuwa akilia ndani. Nilikwenda mlangoni kumwomba mdogo wangu amtoe nje walau kidogo, nyanya yake amwone. Alikuwa amelala, uso umevimba, hawezi kuinuka. Aliongea kwa nguvu ili Mama asikie.

"Anawe maji, aingie. Mutoto wangu hataonyeshwa inje kama muzigo." Akauliza tena, "Mama, uliniolesha mie, ama ulikomboa bato?"

Mama alijibu akiwa palepale kwenye jiwe, bila kupandisha sauti, na sijui kama ilifika ndani. "Mutoto wangu, nilifanya vyote viwili."

Mjomba alikuwa amesimama kando na beseni la maji. Mama aliyatazama yale maji. Nilitaka anawe. Nilitaka pia asinawe, nami nawaza magunia, na hilo sijalisema mbele ya mtu. Kisha akanyanyuka, akajikung'uta vumbi kwenye kitenge, akaniambia twende, boti linangoja.

Msimu ule tulipeleka Kindu mchele wote, na wanawake wa Nyangwe humwita Mama shujaa. Mjukuu wake sasa anatembea. Mimi ndiye ninayemwendea Kasongo na kumpiga picha kwa simu. Mama huipokea simu kwa mikono miwili, huitazama picha mpaka mwanga wa simu unazimika wenyewe, kisha huniuliza kama magunia yote yamepanda.