Neno Moja kwa Pumzi Moja

Mgonjwa wa pumu hapimwi kwa mashine peke yake. Unamwambia aseme, nawe unahesabu maneno. Akimaliza sentensi nzima bila kutweta, una muda wa kunywa chai. Akikata maneno matatu matatu, chai iache. Akibaki na neno moja kwa pumzi moja, kimbia ukatafute oksijeni. Nilifundishwa hivyo chuoni Mombasa, nikapasi mtihani, nikajiona mjuzi kwelikweli.

Kisha nikapangiwa kazi katika hospitali ndogo huko juu, mbele ya Ekerenyo, mimi mtu wa Pwani nisiyejua hata sweta. Watu walinipokea vizuri, nisiwasingizie. Waliniita daktari ingawa mimi ni afisa wa kliniki tu, na mkungu wa ndizi haukukosekana mlangoni pangu. Lakini nikiingia chumba cha chai, kicheko kilichokuwa kikiendelea kwa Kigusii kilikatika, mtu akasema kwa Kiswahili cha shuleni, "Karibu daktari, kaa hapa," halafu kimya. Walikuwa wakiniheshimu. Mimi nilitaka kucheka nao, na sikujua walichokuwa wakikicheka. Miezi minane nilikuwa na salamu mbili tu mdomoni, na kusema kweli ulikuwa uvivu na kiburi. Nilijiambia, Kiswahili nimezaliwa nacho na wao wamesoma, sasa nihangaike na nini tena?

Jumamosi zilikuwa zangu. Wenzangu wengi ni Wasabato, mimi ni Mwislamu, kwa hiyo niliwaambia waende kanisani, nitashika zamu. Jumamosi moja, saa tatu unusu asubuhi, bodaboda ikaingia getini imebeba msichana katikati ya dereva na mama yake. Walitoka upande wa Magwagwa. Mama alikuwa amevaa nguo ya kanisani na kitambaa cheupe kichwani, ila vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani chai, ule usiotoka kwa sabuni.

Nikamuuliza msichana yuko darasa gani.

"Kidato," akasema. Akavuta pumzi. "Cha." Akavuta tena. "Tatu."

Mungu wangu. Nikamlaza, nikafungua mashine ya oksijeni, nikampa dawa ya kuvuta na sindano zote nilizokuwa nazo. Muuguzi pekee wa zamu alikuwa wodi ya wazazi, mtoto anatoka, hawezi kuja. Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka alfajiri kupeleka mtu Kisii mjini, ambako ndiko kuna mashine ya kumpumulia mgonjwa. Dereva akaniambia kwa simu kwamba wamekwama wanasubiri kitanda. Chumba chenyewe kilikuwa chembamba, mama anasali kwa sauti, amekanyaga mpira wa oksijeni mara mbili. Nikamwomba akae kwenye benchi nje. Akatoka.

Baada ya saa moja, ile filimbi iliyokuwa ikilia kifuani mwa msichana ikanyamaza. Asiyejua angefurahi. Mimi nilijua hewa haipiti tena. Msichana akageuza macho mlangoni.

"Baba," akasema. Pumzi. "Baba."

Nikahesabu. Neno moja.

Nikatoka mbio hadi benchini. "Mama, anamwita baba yake. Yuko wapi?"

"Baba yake?" Akanitazama kama hajanisikia vizuri. "Iko Masimba, kwa kazi yake ya kuchomelea. Saa hii iko kanisa, simu imezima. Lakini daktari, yeye amesema..."

"Amesema baba, mama! Nimemsikia kwa masikio yangu. Chukua bodaboda ukamlete, tafadhali, usisimame hapo!"

Nilimfokea. Mtu mzima mwenye mtoto mahututi nilimfokea kama utingo. Akataka kusema tena, akaona uso wangu, akaacha. Masimba si hapo mlangoni. Aliondoka na viatu vyake vya kanisani, mbio, kwenye tope.

Nikarudi kwa binti yake. Alipochoka kuvuta, nikaanza kumpumulia kwa mpira wa mkono, minya, achia, minya, achia, peke yangu, huku nikimwambia, "Vumilia mwanangu, baba anakuja." Alikuwa bado ananisikia. Akatikisa kichwa. Nikadhani ananikatalia ule mpira usoni. Nikaubana zaidi.

Alikufa kabla ya saa saba. Niliendelea kuminya muda mrefu baada ya hapo, mpaka muuguzi akaja akanishika mkono.

Walifika saa tisa, baba na mama, wamejaa tope. Mama akapitiliza ndani moja kwa moja. Nilibaki barazani na baba, mtu mrefu mpole, suti ya Sabato imekunjamana. Nikatafuta la kumfariji. Nikamwambia, "Mzee, pole sana. Alikuwa anakuita wewe mpaka mwisho. Baba, baba. Hakuita mwingine."

Akavua kofia.

"Alisema hivyo? Baba?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi huwa ananiita tata," akasema taratibu, kana kwamba anaogopa kuniumiza. "Kwetu sisi, daktari, baba ni mama."

Mama aliyekuwa nje ya mlango ule, hatua nne. Mama niliyemtuma Masimba. Nilitaka kusema kitu na sikupata hata hilo neno moja. Yule mzee akanishika bega, mimi ndiye nikashikwa bega, kisha akaingia ndani kwa mkewe. Niliwasikia. Mama akauliza jambo, baba akajibu kwa Kigusii, maneno mengi, ya chini chini. Nilisikia "daktari". Nilisikia "baba". Mengine yakanipita yote.

Mama akatoka. Nilisimama wima nikisubiri anitukane, anizabe kofi, lolote, ningelipokea. Akachukua mikono yangu miwili katika vile vidole vyake vyeusi, akainamisha kichwa.

"Asante, daktari," akasema kwa Kiswahili.

Siku hizi Kigusii nakisikia, nacheka nao chumba cha chai, na mgonjwa akiita mtu sisogei kabla sijamuuliza aliye karibu. Lakini mzee yule alimwambia nini mkewe mle ndani, ukweli au uongo wa kumhurumia, na kama ni uongo alimhurumia nani, sijui. Sijapata ujasiri wa kwenda Magwagwa kuuliza.