Nani Alikuwa Anakwea, Sasa Hakwei?

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya tisini, mganga mfawidhi, yaani mkubwa wa zahanati yetu huku upande wa Ziwani, alinipa daftari. "Mama, pita nyumba kwa nyumba. Andika walemavu."

Nilisoma mpaka darasa la nne, kuandika najua. Nikauliza, "Mna mlemavu humu?" Hatuna. Wiki nzima, hatuna! Kwao mlemavu ni mtu wa mguu au mkono. Nikabadili: "Nani humu alikuwa anakwea minazi, sasa hakwei?"

Wakatoka! Huyu alianguka na nazi zake, hakumbuki majina ya wanawe. Yule baiskeli ilimtupa, sasa anacheka msibani. Mwingine kiharusi, mwingine malaria ya kichwani. Watu wazima, kila mtaa. Kidonda hakuna, ubongo ndio umeumia, na kijiji kinawaita walevi, wenye mashetani. Pikipiki zilipoingia, daftari likajaa.

Ndipo akaletwa Zuhura, muuguzi wa chuo, gauni limepigwa pasi. Swali langu akalibeba, sifa akapata yeye. "Zuhura ana akili sana," mganga akasema mbele yangu. Nikampangia nyumba zenye mbwa.

Na nyumbani nilikuwa na wivu mwingine. Mume wangu alikuwa ananiita Somoe. Somoe ni mkewe wa kwanza, marehemu. Nikajua ananikomoa. Nikamnunia, nikamnyima hata chai.

Siku moja Zuhura akabisha kwangu.

"Shikamoo, mama. Nani humu alikuwa anakwea, sasa hakwei?"

"Nyumba zimekwisha? Nenda zako!"

Mume wangu akachungulia. "Somoe, mpe mgeni kiti."

Zuhura akanitazama. "Mama, si jina lako hilo. Baba aliwahi kuanguka?"

Alianguka, ndiyo. Aliteleza mnazini, akaamka anacheka, kesho yake akaenda shamba. Minazi akaiacha, nami nikasema uzee. Kijiji kizima nimekiuliza, mlango wangu nimeuruka.

Zuhura akamwandika katika daftari langu, akampeleka hospitali kwa daktari. Daftari lote ni mwandiko wangu, isipokuwa jina la mume wangu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa nimestaafu, wajukuu zangu. Babu yenu bado ananiita Somoe, nami naitika. Ila akisifu mchuzi wa Somoe, ambao nimeupika mimi, sufuria nalitua kwa kishindo.