Mkunga na Mlango wa Leba

Mkunga mkuu huisugua mikono yake mikubwa ipate joto kabla ya kumgusa mzazi, na akicheka, wodi nzima inajua. Kilichokuwa kikimnunisha ni kimoja tu: kanuni ya mwenyekiti wa bodi ya hospitali kwamba mume asikanyage leba, eti ni uchuro.

"Uchuro wa enzi za bibi yake!" alizoea kusema.

Jana aliyeshikwa na uchungu ni mke wa mwenyekiti mwenyewe, akimwita mumewe kwa kilio. Mwenyekiti aliganda mlangoni, jasho likimtiririka.

"Sista, na ile kanuni?"

"Aliitunga nani, shemeji? Nawa mikono, uingie."

Mtoto alipolia, baba alilia kumshinda. Mkunga akaufungua mlango wote, akawageukia wanaume waliojazana kwenye benchi.

"Haya jamani, kila mtu kwa mke wake!"